Nilivyowadanganya Wahesabu Magari

Watu wa Kitengela wakitaka kuniheshimu walikuwa wakiniita Mwenyekiti, na kwa miaka mingi nilidhani jina hilo ni langu vile pua yangu ni yangu. Shule niliacha darasa la tano. Nilianza kwa kuvuta mkokoteni wa mitungi ya maji, wakati hapa palikuwa vumbi, nyaya za uzio za wafugaji na nyumba za mabati za kuhesabu kwa vidole. Leo niko na kisima changu, lori za maji zilizochorwa tone la buluu mlangoni, na nyumba ya ghorofa ambayo fundi aliyeijenga bado huleta wateja waitazame kutoka nje ya geti. Sikurithi hata mbuzi mmoja. Haya nayasema mapema ili ujue nilikuwa mtu wa aina gani siku taa za barabarani zilipokuja, kwa sababu mtu wa aina hiyo akikosea hakosei kidogo.

Njia panda yetu iko hivi. Barabara kuu inatoka Nairobi, inapita katikati ya mji na kwenda zake Kajiado. Mkono wa kushoto inaingia barabara yetu, ya kisima changu, ya hadiwea, lile duka la vifaa vya ujenzi, na ya watu wa mchanga na mawe. Mkono wa kulia, ikitazamana na yetu, inaingia barabara ya soko la mbuzi, na huko ndani kuna shule na zahanati. Halafu chini kidogo, kama mita mia mbili ukielekea Kajiado, kuna njia panda nyingine kwenye kituo cha mafuta. Zamani askari alikuwa akisimama katikati na mikono yake miwili. Akichoka anaenda kivulini, na hapo mwenye lori kubwa ndiye anapita kwanza. Mimi nilikuwa mwenye lori kubwa, kwa hivyo sikuona shida ilikuwa wapi.

Injinia aliyetumwa kutuwekea taa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye viatu vya kazi vilivyojaa vumbi na sauti ya chini hata watu wa nyuma wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. Tulikutana naye kwenye ukumbi wa kanisa, wafanyabiashara wa barabara zote mbili. Alitueleza kwamba taa zinaongozwa kwa njia nyingi. Kuna miji ambayo waya umezikwa chini ya lami, unahisi gari limefika, na taa inaamua yenyewe nani apite na nani angoje. Kuna mahali ambapo taa za njia panda kumi zinaelewana, ukipewa kijani hapa unakuta kijani nyingine inakungoja mbele. Ya kwetu, kwa kuanza, ingekuwa ya saa tu. Inapewa sekunde zake, na inazifuata asubuhi mpaka usiku bila kuangalia kama kuna gari au hakuna.

“Kwa hivyo haitakuwa na akili yake,” akasema. “Itakuwa na akili ile tutakayoipa sisi. Tutahesabu magari siku mbili, na hesabu hiyo ndiyo itagawa sekunde. Nawaomba tuihesabu vizuri, kwa sababu hii ndiyo njia panda ya kwanza nimeachiwa niisimamie mwenyewe.”

Mimi nikasimama. Sijui kama niliwahi kuhudhuria mkutano bila kusimama. Nikamwambia yule injinia, binti yangu, magari ni maji, na maji mimi nayajua kuliko mtu yeyote katika kaunti hii, na sikuyajulia darasani. Ukitaka maji yatoke, unafungua bomba. Fungua barabara yetu, mambo yote yatapita. Watu wa upande wangu wakapiga makofi.

Alitabasamu kidogo. Akaniuliza, nikiwa na matangi mawili yaliyounganishwa, la juu na la chini, na la chini limeshajaa, nikizidi kulifungulia la juu itakuwaje. Nikamjibu kwamba litamwagika, mtoto yeyote anajua. Akasema pale kati yetu na kituo cha mafuta ndipo tangi la chini, na ni dogo. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini sikufurahi. Nilikuwa nimezoea kufundisha, si kufundishwa kwa maji yangu mwenyewe.

Nilirudi kwangu nikiwaza sekunde. Nikiangalia barabara yetu, lazima niseme ukweli, magari hayakuwa mengi vile tulivyojisifu. Asubuhi zinatoka lori, adhuhuri kunatulia, jioni zinarudi. Barabara ya soko la mbuzi ndiyo ilikuwa na watu, wazazi wa shule, wagonjwa, wachinjaji, lori za mifugo kutoka kaskazini. Tukihesabiwa kwa haki, wao wangepata kijani ndefu na sisi tungepewa makombo. Mimi, Mwenyekiti, ningoje taa nyekundu huku mbuzi wakipita? Wazo hilo liliniuma kama jiwe ndani ya kiatu.

Ndipo nikafanya hesabu yangu.

Wale wahesabu walikuwa wanne, kila mmoja na kiti cha plastiki, ubao na karatasi. Gari likipita unachora kijiti, cha tano unakilaza juu ya vinne. Hawakuandika namba za gari, waliandika vijiti tu, hiki cha lori, hiki cha gari dogo, hiki cha pikipiki. Kwenye barabara yetu alikaa injinia mwenyewe. Na mimi siku hizo mbili nilizitoa lori zangu tupu, bila tone la maji ndani. Zilitoka kwa geti, zikapita mbele yake, zikashuka mpaka kituo cha mafuta, zikaingia njia ya murram, isiyo na lami, nyuma ya kanisa, zikarudi kwangu kwa mlango wa nyuma, zikatoka tena. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Lori moja nililifunika tangi kwa turubai lionekane la mchanga. Madereva nikawabadilisha, leo huyu na kofia, kesho bila. Mwenye hadiwea nilipomwambia alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaleta pikapu zake mbili. Dereva wangu wa zamani, mtu mzima ambaye tulivuta naye mkokoteni, aliniuliza siku ya kwanza tunapeleka wapi. Nikamwambia tunapeleka maendeleo.

Na saa nne, siku zote mbili, nilimpelekea injinia chai. Chai ya maziwa na mandazi mawili, kwa mkono wangu, mimi ambaye hata mgeni nyumbani simmiminii. Nilisimama kando yake nikimsimulia vile nilivyoanza na mkokoteni, na wakati huohuo lori langu likapita, akachora kijiti. Likapita lingine, akachora. Aliniomba radhi kwamba hawezi kunitazama usoni tukiongea kwa sababu akiinua macho atakosa gari. Nilimwambia usijali, madam, kazi ni kazi.

Hesabu ilipotoka, barabara yetu ikapata sekunde arobaini za kijani. Ya soko la mbuzi ikapata kumi na tano.

Wiki ya kwanza nilitembea mjini kama mtu aliyeleta mvua. Kwenye mikahawa niliwaambia watu kwamba taa ni za kupigania. Haji, mfanyabiashara wa mifugo ambaye tumeuziana na kutaniana miaka mingi, alikuja kwangu kununua maji ya zizi lake akanikuta nikijisifu. Akasema kijani ya kwetu ni ndefu sana, mtu anaweza kuoa na kubatiza mtoto kabla haijazima, lakini ya kwao ukipiga chafya tu imeshapita. Tulicheka sote. Yeye hakujua anacheka nini.

Halafu ikafika siku ya soko, na yale ya tangi yakatokea mbele ya macho yangu. Kijani yetu ikifunguka, lori, pikapu na tuktuk zote zinamwagika barabara kuu na kushuka kwa kituo cha mafuta. Kule chini, ambako nako taa ziliwekwa, ni nyekundu. Zile mita mia mbili zinajaa mara moja. Lakini kijani yetu bado ina sekunde ishirini, na dereva wa Kitengela akiona kijani haulizi kama mbele kuna nafasi. Anaingia. Anasimama katikati ya njia panda, mbele yake mkia wa lori, nyuma yake pua ya lori. Kisha inakuja zamu ya watu wa soko, zile sekunde zao kumi na tano, na wanaitazama kijani yao huku magari yetu yamewaziba kama ukuta. Inazima. Inarudi kwetu tena. Hata barabara kuu ikakwama. Hata lori zangu, siku hiyo zikiwa na maji kweli, zilikaa ndani ya jam ambayo mimi mwenyewe niliipika.

Lori la Haji lenye mbuzi lilikaa pale juani tangu saa tano mpaka saa nane. Mbuzi wawili walikufa humo ndani, wamebanwa, ulimi nje. Niliwaona wakiteremshwa. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikijifanya naongea na simu.

Mkutano wa pili ulikuwa na joto. Mkubwa wake injinia alikuja kutoka Kajiado, mtu wa maneno machache, akaketi meza ya mbele na zile karatasi za vijiti. Watu wa soko walisema mengi. Walisema wameletewa mtoto wa shule kujifunzia kwao, walisema alilala kazini, na mmoja akasema huyo mama alihesabu kwa kukisia akiwa kivulini. Haji mwenyewe alisimama akasema hana ugomvi na mtu, lakini mtu aliyeona lori nyingi hivyo kwenye barabara ya maji basi aliona lori za ndotoni. Alikuwa karibu sana na ukweli, maskini, na hakuujua.

Injinia hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema alikaa pale siku mbili kutoka alfajiri, hakuondoka hata kwenda haja isipokuwa mwenzake ashike ubao, na kila kijiti ni gari lililopita. Mkubwa wake akamwuliza kama kuna mtu anayeweza kuthibitisha. Akageuka akanitafuta kwa macho.

“Mwenyekiti alikuwepo,” akasema. “Siku zote mbili. Alisimama kando yangu lori zikipita. Aulizwe yeye.”

Ukumbi ukanigeukia. Kitu kimoja tu kilihitajika. Hata kusema tu kwamba hakulala, kwamba lori zilipita kweli, kungemwokoa. Lakini niliona nikifungua mlango huo kidogo, swali linalofuata litakuwa lori za nani. Mimi, ambaye miaka yote hiyo niliwacheka wenye vyeti mbele ya umati, siku hiyo nikajificha nyuma ya ukosefu wangu wa vyeti.

“Mimi si msomi,” nikasema. “Mambo ya hesabu ya kitaalamu siyajui. Nilimpelekea tu chai.”

Kuna mtu alicheka. Injinia alinitazama muda mrefu kidogo, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikuona wapi. Kisha akakusanya karatasi zake. Siku ileile tukaambiwa taa zitazimwa, askari atarudi, na injinia atarudi ofisini Kajiado mpaka iamuliwe kama anafaa kuachiwa kazi ya barabara tena.

Mke wangu alikuwa amekaa nyuma na akina mama wa kanisa. Nyumbani alinipakulia chakula, akaketi ng'ambo ya meza, akaniuliza polepole, “Wewe ndio hujui hesabu? Wewe unayesikiliza mtungi ukijaa ukiwa umelala na unajua umebaki lita ngapi?” Akaondoka na sahani yake akala jikoni. Yeye ndiye aliyepika ile chai. Aliona lori zikizunguka kutoka dirishani, na alikuwa amengoja aone nitajikomboa vipi.

Wiki tatu nilizunguka na jambo hilo. Ningekudanganya nikisema nilikuwa nikipanga kwenda. Nilikuwa nikipanga kusahau. Lakini kila nikifika njia panda, zile taa zimezimwa, nyeusi tatu juu ya mlingoti, nilijikuta nimeinamisha kichwa kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mkwe aliyemkosea. Siku moja asubuhi nikamwambia mke wangu naenda Kajiado. Hakuuliza kufanya nini. Alinipa shati safi.

Nilimkuta kwenye korido, meza ndogo kando ya mlango, anapanga mafaili ya watu wengine na kuyapiga mhuri. Aliinuka kwa adabu akaniuliza ninahitaji ofisi gani. Nikasema nimekuja kwake. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba tangu Isinya, juu ya maendeleo na ya kukosea kwa binadamu, na yote ikaniisha. Nikamwambia zile lori zilikuwa zangu, zilikuwa tupu, zilikuwa zilezile.

Alivuta karatasi, akachukua kalamu.

“Lori ngapi?”

“Saba.”

Akaandika saba. Nilimwona akiandika, na nikajua nimefanya tena, hapo hapo, mbele yake. Kitengela nzima inajua nina lori saba kwa sababu mimi ndiye ninayewaambia.

“Nne,” nikasema. “Tatu ziko kwangu juu ya mawe, hazina injini. Nne ndizo zinatembea.”

Akafuta saba kwa mstari mmoja. Akaniuliza mzunguko mmoja ulichukua dakika ngapi, zilianza saa ngapi, zilisimama saa ngapi kula, pikapu zilikuwa ngapi. Nilimjibu moja baada ya nyingine, na mara hii hesabu niliijua yote. Alipomaliza alipiga mstari chini ya jumla. Kisha akasema kitu ambacho nakibeba hadi leo.

“Mzee, siku ile nilikuita wewe kwa sababu ulikuwa umesimama na mimi juani. Nilijiambia, huyu ni mtu mzima, huyu hawezi kuniacha.”

Nikamwambia kuna kijana mjini ana kompyuta, nitamwambia aniandikie barua nzuri, nitapiga sahihi. Akasukuma karatasi nyeupe mbele yangu na kalamu juu yake.

“Andika hapa. Kwa mkono wako.”

Mara ya mwisho niliandika zaidi ya jina langu nilikuwa na kaptula. Niliketi kwenye kile kiti cha korido, watu wakipita wakiruka miguu yangu, nikaandika kwa herufi kubwa kama za ukutani. Ilinichukua karibu saa nzima kujaza ukurasa. Mahali pawili nilikosea nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Yeye aliendelea kupiga mihuri yake na hakunisaidia hata neno, na nikaona ni sawa. Aliisoma, akaipeleka ndani kwa mkubwa wake, na baada ya muda mlango ukafunguliwa nikaitwa.

Yule mkubwa aliniambia jambo kama hilo linaweza kupelekwa polisi, na kwamba yeye angelipeleka kwa furaha. Injinia ndiye aliyesema polisi hawatagawa sekunde. Anachotaka ni hesabu irudiwe, yeye mwenyewe aisimamie, na barua isomwe Kitengela mahali palepale alipotukanwa. Mkubwa akanitazama. Nikasema nitaisoma mimi.

Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote, lakini siku hiyo nilishika karatasi kwa mikono miwili. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, na mwandiko wangu mwenyewe ulinisumbua. Nilidhani watazomea. Walinyamaza, hata wa upande wangu, hasa wa upande wangu. Mwenye hadiwea alikuwa ametoka nje nilipofika mstari wa pikapu. Nilipomaliza, Haji alisimama.

“Lori nne?” akasema. “Miaka hii yote mimi nakuogopa kwa lori nne?”

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na mimi nikaanza kucheka nao, kwa mazoea. Yeye hakuwa akicheka. Akangoja watulie.

“Mbuzi zangu zilikufa na kiu,” akasema. “Mbele ya mlango wako. Na wewe unauza maji.”

Akaketi. Hakuna aliyeniambia niache kiti changu cha mbele. Nilikiacha mwenyewe, nikaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, na mkutano ukaendelea bila mimi. Injinia alisimama akaeleza kwamba safari hii wahesabu wataandika namba za gari pia. Akasema hata hesabu ikitoka, hatazigawa sekunde kwa wingi tu. Atapima kwanza zile mita mia mbili zinabeba magari mangapi, na hakuna barabara itakayopewa kijani zaidi ya uwezo wa pale, na taa za kituo cha mafuta atazianzisha mapema kidogo ili pafunguke kabla sisi hatujafunguliwa. Niliyaelewa yote. Niliyaelewa tangu siku ya kwanza.

Nilimfuata nje nikamwuliza kama nizifungie lori zangu ndani siku za hesabu. Akasema hapana, usizifiche pia, zitoke vile zinavyotoka siku zote. Alisema bila ukali, vile angemwambia mtu yeyote mwenye lori.

Asubuhi ya hesabu ya pili nilikuwa getini. Yeye alikuwa kwenye kiti chake, mahali palepale, amevaa reflekta, ile fulana inayong'aa. Lori la kwanza lilikuwa limejaa maji ya watu wa Isinya. Dereva wangu wa zamani aliteremsha kioo akaniuliza kwa sauti ya chini kama apite njia ya nyuma, ya kanisani, asimpitie yule mama usoni. Nikamwambia hapana, pita mbele yake.

Akapita. Injinia aliinua macho akasoma namba, akaandika, akachora kijiti kimoja. Hakutazama getini. Nilisimama pale mpaka saa nne, nikizihesabu na mimi, na jumla yetu barabara nzima ilihesabika kwa vidole vyangu na vya mke wangu, ambaye alikuwa ametoka kusimama kando yangu, amekunja mikono.